Mzee wa Santuri: Mbuzi wa Section 58

Mwezi uliopita nilipoandika juu ya muziki wa twist wa mwimbaji wetu Daudi Kabaka, nilidokeza kwa kupita tu kwamba twist ni mjukuu wa rokenroli (rock 'n' roll). Kumbe nilikuwa nachokoza nyuki. Barua zimekuja tangu Nakuru hadi Mumias, na moja ina mbuzi ndani yake. Nimezisomea hapa kibandani kwangu, kando ya soko la Kibuye, katikati ya redio zisizosema na spika zilizopasuka.

*Mzee, shikamoo. Mimi na shemeji yangu tumewekeana dau la mbuzi. Yeye anasema rokenroli iliundwa na Elvis Presley. Mimi nasema ni Bill Haley, kwa sababu "Rock Around the Clock" ndiyo ya kwanza. Mbuzi yuko Subukia kwa mama mkwe, anangoja hukumu yako tu. – Dereva wa matatu, Section 58, Nakuru*

Marahaba, dereva. Mwambie mama mkwe amfungue huyo mbuzi arudi malishoni, maana nyote wawili mmeshindwa.

Tuanze na wako. Bill Haley na bendi yake ya Comets walirekodi wimbo huo New York tarehe 12 Aprili 1954. Santuri ilipotoka, wimbo wenyewe ulikuwa umewekwa upande wa pili, ule wa kujazia, na haukutikisa mtu. Ulikaa hivyo mpaka ulipotiwa kwenye filamu ya wanafunzi watukutu, "Blackboard Jungle", mwaka 1955. Julai ya mwaka huo ukashika nambari moja Marekani, ukakaa hapo wiki nane. Danny Cedrone, aliyepiga ile solo ya gitaa inayokimbia kama panya juu ya mabati, hakuiona siku hiyo. Aliporomoka kwenye ngazi akafa Juni 1954, na malipo yake ya kurekodi yalikuwa dola 21. Sasa, huyo Haley wako kabla ya hapo alikuwa mwimbaji wa kantri, kofia ya wachunga ng'ombe kichwani, bendi ikiitwa Saddlemen. Mwaka 1951 aliuimba upya wimbo wa watu wengine uitwao "Rocket 88". Uweke akilini, tutaurudia.

Shemeji naye. Elvis alikuwa dereva kama wewe, wa lori, kijana wa miaka 19, alipoingia studio ya Sam Phillips mjini Memphis Julai 1954. Jioni ile nyimbo za polepole zilikuwa zimegoma. Wakapumzika. Katika mapumziko akaanza kuruka-ruka na "That's All Right" kwa mzaha, Scotty Moore akamfuata kwa gitaa, Bill Black kwa besi, dramu hakuna. Phillips akawaambia waanze tena, arekodi. Lakini wimbo huo ulikuwa wa Arthur Crudup, Mmarekani Mweusi, aliyeurekodi 1946 na ambaye pesa za maana hakuziona mpaka anaingia kaburini. (Wanamuziki wa kwetu wakisoma hapo watatikisa kichwa, hadithi wanaijua.) Upande wa pili wa santuri ya Elvis wakaweka "Blue Moon of Kentucky" wa Bill Monroe, wimbo wa Wazungu wa mashambani, nao wakaukimbiza mbio. Upande mmoja bluzi ya Weusi, upande mwingine kantri ya Wazungu, na sindano ni ileile. Mtu akiniuliza rokenroli ni nini na sina muda wa maneno, ningependa kumpa santuri hiyo aigeuze mwenyewe.

Mkinibana nitaje moja, mimi nitataja ya fundi. Machi 1951, mwaka niliozaliwa, vijana wa bendi ya Ike Turner walitoka Clarksdale, Mississippi, wakashika barabara nambari 61 kwenda Memphis kwa Sam Phillips huyohuyo. Gari limejaa watu na vyombo kama matatu ya Busia siku ya soko. Njiani amplifaya ya gitaa ikaumia. Wengine husimulia kwamba ilianguka, wengine kwamba ililowa mvua. Kufika studio, ile karatasi ya spika imechanika, kila noti inatoka na mkwaruzo. Fundi wa kawaida angewaambia warudi nyumbani. Phillips akasokomeza karatasi ndani ya spika ili isitetemeke ovyo, akausikiliza ule mkwaruzo, akaupenda, akaurekodi hivyohivyo. Gitaa la Willie Kizart likawa linanguruma kama saksafoni. Huo ndio "Rocket 88", wimbo wa kusifu gari la Oldsmobile. Turner alikuwa na miaka 19, yuko kwenye piano; aliyeimba ni mpiga saksafoni wao, Jackie Brenston, na kampuni ya Chess ya Chicago ikautoa kwa jina la Brenston, Turner akabaki anauma kidole. Ulishika nambari moja kwenye orodha ya nyimbo za Weusi.

Mimi nilianza kazi hii mwaka 1966 nikiwa mfagiaji katika duka la redio hapa Kisumu, na mwenye duka alinifundisha kwamba mkwaruzo ni ugonjwa. Siku nilipousikia wimbo huo kwa mara ya kwanza, niliifungua redio nyuma nikaanza kutafuta waya uliolegea. Nilipoupata waya mzima na mkwaruzo bado upo, niliona aibu peke yangu.

Lakini hata hapo usimchinje mbuzi. Desemba 1949 Fats Domino alikuwa ameshaurekodi "The Fat Man" kule New Orleans, na baadaye, vijana walipompigia makofi kwa muziki mpya, aliwaeleza kwamba hicho wanachokiita rokenroli yeye amekuwa akikipiga miaka na miaka kikiitwa rithim na bluzi. Kabla yake, 1948, Wynonie Harris alishatikisa na "Good Rockin' Tonight", ambao aliuchukua kwa Roy Brown, aliyeuimba 1947. Na ukimfuata Brown atakupeleka kwa mwingine. Ukikaa Nyando ukaamka maji yako chini ya kitanda, huulizi ni tone lipi. Unauliza kumenyesha wapi huko juu Nandi.

Basi kulinyesha hivi. Tangu siku za Vita vya Kwanza vya Dunia, Weusi wa kusini mwa Marekani waliacha mashamba ya pamba na ubaguzi, wakapanda treni kwenda Chicago, Detroit na kwingineko, mamilioni yao. Walikwenda na bluzi yao. Mjini kuna kelele, baa imejaa, gitaa kavu halisikiki, likatiwa umeme. Piano ya boogie-woogie, mkono wa kushoto unazunguka bila kuchoka, ni treni hiyohiyo imekaa kwenye vidole. Sisi wa Kisumu hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Reli ilifika hapa 1901 na mji ukakua ukiizunguka.

Kisha vita vya pili vikaisha na bendi kubwa za watu kumi na watano, ishirini, zikawa mzigo kuzilisha na kuzisafirisha. Louis Jordan akaonyesha kwamba watu wachache, saksafoni mbele na mdundo wa kuruka nyuma, wanatosha kujaza ukumbi. Televisheni nayo ikaingia majumbani na kuzichukua zile michezo na nyota wa redio, na vituo vidogo vya redio vikabaki na santuri tu na mtangazaji wa usiku asiye na bosi wa kumtazama. Kampuni ndogondogo, Chess, Atlantic, King, Specialty, zikawauzia santuri watu ambao kampuni kubwa hazikuwajali. Mwaka 1949 ikaja santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, nyepesi, haivunjiki kirahisi, bei ya mfuko wa kijana. Mwisho wa 1954 ikaja redio ya transista ya kutia mfukoni, na mtoto akaweza kusikiliza asichotaka baba yake akisikie. Hiyo redio ndogo, kwa maoni yangu, ilifanya kazi kubwa kuliko Elvis, ingawa nakiri mimi ni fundi wa redio na ninaupendelea upande wangu.

Jina? Maneno yenyewe yalikuwa zamani katika nyimbo za Weusi, mara yakiwa na maana ya kanisani, mara yakiwa na maana ya chumbani. Aliyeyabandika juu ya muziki huu mbele ya vijana Wazungu ni mtangazaji Alan Freed wa Cleveland, kuanzia 1951. Tamasha lake la tarehe 21 Machi 1952 lilijaa watu kupita kiasi hadi polisi wakalifunga karibu na mwanzo tu. Huyo Freed pia jina lake liliandikwa miongoni mwa watunzi wa "Maybellene" ya Chuck Berry, 1955, bila kutunga neno. Ilikuwa njia ya kumfanya aupige redioni. Kitu kidogo si cha kwetu peke yetu. Baadaye serikali ilichunguza hongo za redio na Freed akapoteza kazi.

Hukumu yangu: mbuzi anyweshwe maji, na wewe na shemeji mlipie chai.

*Mzee, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa kwaya huku Kakamega. Vijana wetu wameomba kupiga gitaa la umeme kwa kishindo. Mzee wa kanisa amesema muziki huo ni wa kishetani na hauna asili ya kanisani. Tumjibu nini bila kumvunjia heshima? – Mama wa sauti ya pili*

Amina, mama. Mwambieni kwa upole, ikiwezekana baada ya chakula, habari za Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa 1915 Cotton Plant, Arkansas, mama yake mhubiri, na alipiga gitaa mbele ya waumini tangu utotoni. Mwaka 1944 alirekodi "Strange Things Happening Every Day", injili tupu, na mwaka uliofuata ukapanda hadi nambari mbili kwenye orodha ya nyimbo za Weusi, katikati ya nyimbo za baa. Usikilizeni pamoja naye. Gitaa lile, miaka kumi kabla ya Elvis, linafanya kila anacholalamikia.

Kuna picha za 1964, yeye yuko kwenye stesheni ya treni isiyotumika mjini Manchester, Uingereza. Amevaa koti, mvua imetoka kunyesha, watazamaji wamekaa ng'ambo ya reli, naye anashuka, analichukua gitaa la umeme kama mama anayekwenda sokoni. Nimezitazama kwenye simu ya mjukuu wangu mpaka akaniambia bando limeisha.

Na mwaka 1947 huko Macon, Georgia, mama huyu alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba nyimbo zake kabla ya onyesho kuanza. Akampandisha jukwaani, akamlipa. Kijana alikuwa Little Richard. Hapo, mama, mtaingia kwenye matope kidogo, kwa sababu "Tutti Frutti" aliyoirekodi New Orleans Septemba 1955 ilikuwa na maneno machafu hata ikabidi aitwe mtunzi, Dorothy LaBostrie, ayafue. Mzee wa kanisa ana hoja na mimi simbishii. Ila mwongezeeni kwamba 1957, akiwa ziarani Australia, Little Richard alitangaza kuacha muziki wa dunia, akaenda kusoma Biblia katika chuo cha Wasabato Alabama. Wasabato wa Kendu Bay wasishangilie mapema. 1962 alikuwa jukwaani tena.

*Mzee, mimi napiga dramu katika bendi ya wanafunzi, Maseno. Bluzi na rokenroli zina mafungu matatu ya noti (chords) yaleyale. Tofauti iko wapi? – Kijana wa vijiti*

Kijana, hesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha upige kofi kwa nguvu kwenye mbili na nne. Hapo umeshika nusu. Nusu nyingine muulize Earl Palmer, mpiga dramu wa New Orleans aliyekuwa nyuma ya Little Richard. Bluzi za kucheza zilikuwa zinachechemea, kishindo kirefu na kifupi, kama mtu mwenye kiatu kimoja. Lakini mkono wa kulia wa Little Richard kwenye piano ulikuwa unagonga sawasawa bila kuchechemea, na Palmer akaamua kumfuata. Ukisikiliza rekodi za kati ya 1949 na 1956 utawasikia wapigaji wakigombana ndani ya wimbo mmoja, huyu anachechemea, yule ananyoosha. Utamu mwingi uko hapohapo, kwa hiyo usikimbilie kunyoosha kila kitu.

Halafu mtazame mzee wa nyatiti. Vidole vinaimba kwenye nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ubao, njuga za mguuni zinajibu. Mtu mmoja, bendi nzima. Sisemi rokenroli ilitoka Siaya, msije mkaninukuu vibaya. Nasema tu kwamba mpiga dramu anayemwelewa mzee huyo hatapotea kwenye wimbo "Bo Diddley" wa 1955.

*Chamgei, Mzee. Niko Litein. Marehemu nyanya yangu alikuwa akituimbia juu ya Chemirocha, nusu mtu nusu swara, anayecheza mpaka nguo zinamvuka. Mtu kaniambia huyo alikuwa Mmarekani, na kwamba anahusika na rokenroli. Huu si uzushi? – Mjukuu*

Chamgei mising. Si uzushi, na barua yako ndiyo iliyonifanya nifunge kibanda mapema niiandike.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, alifika Kapkatet, hapo jirani yenu. Aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kinubi kikipigwa nyuma yao. Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Wageni walikuja na gramafoni na santuri zake, watu wakasikia sauti isiyo na mwili, na jina likapita kwenye ndimi za Kipsigis likatoka na Chem- mbele kama majina yenu mengine. Sauti yenyewe inavunjika na kuruka juu kama ya mnyama. Huyo ni mtu kweli? Miguu yake ikoje? Ndiyo akawa nusu swara.

Rodgers alizaliwa Mississippi 1897, akafanya kazi kwenye reli, na kutoka kwa vibarua Weusi wa reli akapata bluzi. Akaichanganya na nyimbo za kwao na ule mlio wa kuvunja sauti. Alirekodi mara ya kwanza Agosti 1927 mjini Bristol, Tennessee. Mwaka 1930 alirekodi bluzi moja pamoja na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na mke wake Lil kwenye piano, Mzungu na Weusi studio moja, enzi ambazo hotelini wasingekaa meza moja. Kifua kikuu kilimwua Mei 1933, akiwa na miaka 35. Wasichana wa Kapkatet walipokuwa wakimwalika acheze, alikuwa kaburini miaka 17.

Uhusiano na rokenroli? Howlin' Wolf, jitu la bluzi kutoka Mississippi, alieleza kwamba alijaribu kuiga mlio wa Rodgers, ukamshinda, kilichotoka kikawa kile kilio chake cha mbwa mwitu. Na mwaka 1951 Howlin' Wolf alirekodiwa Memphis na nani? Sam Phillips, mwenye spika iliyosokomezwa karatasi, ambaye miaka mitatu baadaye alimfungulia mlango Elvis. Mwaka 1986, jumba la heshima la rokenroli Marekani lilipowataja watangulizi wake wa kwanza, Rodgers alikuwemo. Nyanya yako alikuwa ameshamtaja.

*Mzee, nimerithi santuri moja nzito, nyeusi, ya babu aliyekuwa mpishi kwenye shamba la chai Kericho. Imechafuka sana. Lebo imefifia, nasoma "Rodg" tu. Nataka kuisafisha kwa spiriti kisha nije nayo kwa basi uniwekee. – Mumias*

Weka hiyo chupa ya spiriti chini sasa hivi. Santuri nzito za kale, za mizunguko 78, zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti huuyeyusha. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini, futa ukizunguka na mistari, na lebo isilowe hata kidogo. Usiijaribu kwenye mashine ya jirani; sindano ya santuri za kisasa ni nyembamba mno kwa mifereji ile. Ninayo ya kufaa.

Ifunge kwa gazeti, iipakate mapajani ikiwa wima, usikubali kondakta aiweke chini ya gunia la mtu. Ikivunjika njiani, niletee vipande hivyohivyo. Lebo nitaisoma.